Unahamia shambani na mbwa: Je, amechanjwa?

Ndugu msomaji, kila unapokaribia msimu wa korosho, mitaa yetu ya Masasi na Newala hupungua watu. Milango inafungwa, funguo anaachiwa bibi au jirani, na familia nzima inahamia shambani. Baba yuko mbele na baiskeli iliyofungwa mikeka, sufuria na madumu ya maji. Mama yuko nyuma na mtoto mgongoni. Kuku wamo kwenye tenga, paka kafungiwa ndani ya kikapu, na mwisho wa msafara anafuata mbwa, ambaye hakuna aliyemwita wala aliyemfukuza.

Huko wataishi kwenye kibanda cha makuti au nyasi kwa wiki kadhaa, pengine miezi miwili au mitatu, wakiokota korosho. Maisha haya ni mazuri na yana baraka zake. Watoto wanashiba mabibo, usiku kuna moto na hadithi, na kila mtu anaona jasho lake linavyojaza gunia. Mbwa naye ana kazi yake. Anawafukuza nguruwe pori kwenye muhogo, anawabwekea nyani na tumbili, na mwizi wa korosho akimsikia hubadili njia.

Lakini kuna jambo moja ambalo safu hii inataka kukuuliza kabla hujafunga mzigo. Mbwa huyo amechanjwa?

Nitakueleza kwa nini nauliza. Miaka michache iliyopita, katika moja ya vituo nilivyofanyia kazi, aliletwa mtoto wa kiume, umri wa kama miaka tisa, akitokea shambani. Mama yake alisema mtoto ana homa, hataki kula na anaogopa upepo. Nilimpa kikombe cha maji. Alikuwa na kiu na alikitaka kikombe kile, lakini kilipokaribia mdomoni shingo ikakakamaa, koo likajifunga, akakisukuma kwa nguvu huku akilia. Nikauliza kama ameumwa na mnyama. Baba akasema ndiyo, mbwa wao wenyewe alimng'ata mkononi, yapata wiki sita nyuma. Mbwa akafa siku chache baadaye, wakamzika, kazi ikaendelea.

Kisha yule baba akaniambia maneno ambayo sijayasahau: "Daktari, tulimwosha mara saba, na mara ya kwanza kwa udongo."

Alikuwa mtu wa dini na hakufanya uzembe. Alifanya kile alichofundishwa chuoni, kama nilivyofundishwa mimi. Lakini hakuna aliyemfundisha kilichobaki. Yule mtoto alifariki siku ya tatu. Inna lillaahi wa inna ilayhi raajiuun.

Ndugu msomaji, nimekaa na jambo hili muda mrefu kabla ya kuliandika. Maoni yangu ni haya: sisi Waislamu wa huku tumefundishwa vizuri sana najisi ya mbwa, lakini hatukufundishwa haki zake wala hatari yake. Matokeo yake tunamtumia shambani, tunamkwepa nyumbani, na siku ya chanjo tunaona aibu kumshika kamba. Baina ya kumtumia na kumkwepa ndipo watoto wetu wanapofia.

KICHAA CHA MBWA NI NINI?

Ni ugonjwa unaosababishwa na kirusi kinachokaa kwenye mate ya mnyama mgonjwa. Mnyama anapong'ata, au anapolamba mahali penye mchubuko, kirusi kinaingia mwilini na kusafiri polepole kwenye mishipa ya fahamu kuelekea kwenye ubongo. Safari hiyo mara nyingi huchukua mwezi mmoja hadi mitatu, na inaweza kuwa fupi au ndefu zaidi. Muda wote huo mtu anajiona mzima na kidonda kimeshapona. Kirusi kikishafika kwenye ubongo na dalili zikaanza, hakuna dawa ya hospitali wala ya mitishamba inayotegemewa kumponya. Karibu wote hufa.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 59,000 hufa kila mwaka kwa ugonjwa huu, wengi wao Afrika na Asia, na kwamba katika vifo vya binadamu, 99 kwa kila 100 hutokana na mbwa. Kati ya kila watu kumi wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huu, wanne ni watoto wa chini ya miaka 15. Mtoto ndiye anayecheza na mbwa, na ndiye anayeogopa kusema kwamba kang'atwa kwa kuhofia kuchapwa.

Jambo la kusikitisha ni kwamba kinga yake ni ya zamani sana. Louis Pasteur alimchanja mtoto wa Kifaransa aliyeng'atwa na mbwa mwezi Julai mwaka 1885, na mtoto yule akaishi hadi utu uzima. Leo, zaidi ya miaka 130 baadaye, mtoto wa shamba la korosho bado anakufa kwa ugonjwa huo huo.

Kwetu kusini suala hili si geni. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani na Serikali yetu walianza mradi wa miaka kadhaa wa kuchanja mbwa katika wilaya 28 za kusini mashariki mwa Tanzania pamoja na Pemba, na mikoa ya Mtwara na Lindi ilikuwamo. Watafiti waliofuatilia ugonjwa huu katika mikoa hii miwili walikuta kwamba si mbwa tu, hata mbweha wengi huugua. Sasa fikiria, mbwa wa mjini anaweza kupita mwaka mzima asikutane na mbweha, lakini mbwa anayelala nje ya kibanda cha shamba, kando ya pori, anakutana naye usiku kwa usiku. Anayekwenda shambani ndiye anayehitaji chanjo zaidi, naye ndiye tunayemsahau.

Wenzetu wa Ulaya hupenda kupiga kambi milimani na mbwa wao wakati wa likizo. Tunawacheka kwa mapenzi yao kwa mbwa. Lakini tangu mwaka 2004 mbwa anayesafirishwa na mwenyewe kutoka nchi moja ya Umoja wa Ulaya kwenda nyingine huwa na hati yake ya kusafiria iliyoandikwa tarehe ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Wa kwetu anateremka kutoka Newala hadi bonde la Ruvuma, analala huko miezi mitatu, anarudi, na hakuna anayekumbuka hata mwaka aliozaliwa.

DINI INASEMAJE?

Mimi si mufti, ni tabibu niliyepita madrasa. Haya nayasema kwa uchache wa elimu niliyonayo, na masheikh wetu watanisahihisha.

Kwanza, Uislamu haukuharamisha kila namna ya kufuga mbwa. Katika hadithi zilizopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w) ametahadharisha kwamba mwenye kufuga mbwa bila haja hupungukiwa thawabu kila siku, lakini akamtoa katika tahadhari hiyo mbwa wa mifugo, wa kuwinda na wa shamba. Qur'ani tukufu katika Suratul Maida imehalalisha windo la mnyama aliyefunzwa, na katika Suratul Kahf mbwa wa vijana wa pangoni ametajwa akiwa amelala mlangoni mwao. Kwa hiyo mkulima wa korosho mwenye mbwa wa ulinzi asione haya. Yumo ndani ya ruhusa.

Pili, ruhusa ina wajibu wake. Mtume (s.a.w) ametueleza habari za mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu, akiyateka kisimani kwa kiatu chake. Na ametueleza habari za mwanamke aliyeingia motoni kwa ajili ya paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie. Ikiwa paka mmoja aliyenyimwa chakula ana hesabu hiyo, tutasema nini sisi tunaomaliza msimu, tukapakia magunia na kumwacha mbwa na watoto wake kwenye kibanda kitupu? Mbwa huyo atageuka kuwa mbwa koko, atakutana na mbweha, na mwakani atakapomng'ata mtoto wa jirani, utasema si wako?

Tatu, kuhusu najisi. Katika madhehebu yetu ya Shafii, mate ya mbwa na majimaji yake ni najisi nzito, huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Hilo halina mjadala kwetu. Lakini fuqahaa hao hao wamefundisha kwamba kikavu hakinajisi kikavu. Ukimshika mbwa mkavu kwa mkono mkavu, hakuna kilichokupata. Na hata ukilowa, hiyo ni najisi ya kuoshwa tu. Haikutengui udhu wala haikupi janaba. Basi usiniambie, ndugu yangu, kwamba hukumpeleka mbwa kwenye chanjo kwa sababu ya swala. Mfunge kamba, vaa mfuko wa nailoni mkononi ukipenda, mpeleke, rudi, osha palipolowa, na uswali.

Nne, na hapa ndipo yule baba alipokwama. Kuosha mara saba ni tahara, yaani kuondoa najisi. Kuosha kidonda ni tiba, yaani kuondoa kirusi. Haya ni mambo mawili na moja halichukui nafasi ya jingine. Udongo wa shambani ukiingia kwenye kidonda kilichochimbika unaweza kuleta pepopunda, nayo pia inaua. Sheria yetu haimtaki mtu ajidhuru. Katika Sunan Abi Daud imo habari ya mtu aliyejeruhiwa kichwani safarini, kisha akapata janaba. Wenzake wakamwambia hana ruhusa ya kutayamamu, akaoga, akafa. Mtume (s.a.w) alipopata habari aliwalaumu kwa ukali, akawafahamisha kwamba dawa ya asiyejua ni kuuliza. Basi kidonda kioshwe kwa maji na sabuni kwanza, na suala la udongo aulizwe sheikh baada ya mtu kutoka hospitali.

AKING'ATWA MTU, FANYA HAYA

1. Osha kidonda papo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 kamili. Sabuni ya mche ya kufulia inafaa. Sabuni inakiua kirusi kabla hakijaingia ndani. Usipake udongo, majivu, mafuta ya taa, pilipili wala dawa ya majani. Usikifunge kwa kukibana.

2. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, hata kama kidonda ni mkwaruzo mdogo. Atapewa chanjo ya kichaa cha mbwa kwa dozi kadhaa na tarehe zake zitaandikwa. Akihitaji atapewa pia sindano ya pepopunda, na kwa majeraha makubwa dawa ya kinga inayodungwa kuzunguka kidonda. Chanjo hii haipatikani kila zahanati, kwa hiyo ulizia hospitali ya wilaya kabla hujaanza safari za kuzunguka. Dozi zisikatishwe njiani kwa sababu mtoto anaonekana mzima. Mzima ndiye tunayemchanja.

3. Kama mbwa anaweza kufungwa bila kumhatarisha mtu, mfunge na mtazame siku kumi. Akiwa mzima baada ya siku kumi, mwambie daktari. Akifa au akibadilika kabla ya hapo, mwambie daktari haraka zaidi, na afisa mifugo aarifiwe. Usingojee siku kumi ziishe ndipo umpeleke mtoto.

4. Zijue dalili za mbwa mgonjwa. Si kila mmoja hukimbia akitoa povu. Mwingine hubadilika sauti, hung'ata vijiti na mawe, hulegea taya na miguu ya nyuma. Mwingine huwa mpole kupita kiasi na hujificha gizani. Mbweha anayeingia uwanjani mchana bila kuogopa watu si mbweha aliyefugika, ni mgonjwa. Paka naye akiupata huambukiza, kwa kung'ata na kwa kukwaruza.

Najua utakaloniambia mtu wa Newala: dakika 15 za maji yanayotiririka, tutayatoa wapi? Juu ya uwanda wetu maji hayajawahi kuwa kitu cha kumwaga. Wazee walikuwa wakiteremka mabondeni kuyafuata, na hata baada ya mradi wa maji wa Makonde, shambani bado tunabeba madumu. Lakini hesabu ni nyepesi. Kibuyu chirizi kinachotoa lita moja kwa dakika kinahitaji lita 15 tu. Dumu moja la lita 20 linatosha. Weka dumu moja kwenye kibanda, lifunge kipande cha sabuni kwa kamba, na waambie watoto hili ni la ajali. Likikaa sana, litumie kufulia na ujaze jingine.

KABLA YA KUHAMIA SHAMBANI

Mchanje mbwa kila mwaka, na paka pia. Muulize afisa mifugo wa kata yako lini kuna chanjo. Kampeni nyingi hufanyika karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na wakati huo ndio tunaanza kufunga mizigo. Tunza kadi ya chanjo pamoja na karatasi zako za chama cha ushirika. Wataalamu wanasema mbwa saba kwa kila kumi wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Maana yake chanjo ya mbwa wako ni sadaka kwa mtoto wa jirani.

Mpe mbwa chombo chake, alalie nje upande wa chini ya upepo, mbali na mahali mnapopikia na mnapoweka maji ya kunywa na ya kutawadhia. Funika vyungu na madumu. Kwa kufanya hivyo umetunza tahara na afya kwa mkono mmoja.

Mpe dawa ya minyoo. Mbwa na paka hubeba minyoo inayoingia kwa watoto wanaocheza mchangani. Mkichinja mbuzi, iwe Idd au siku nyingine, na mkakuta mafuko ya maji kwenye ini au mapafu, msimtupie mbwa. Ndani ya mafuko hayo mna tegu. Akila, mayai yatatoka kwenye kinyesi chake, na mtoto akiyameza mafuko kama hayo yataota kwenye ini lake. Yachomwe au yafukiwe shimo refu.

Paka si najisi. Mtume (s.a.w) amesema hivyo katika hadithi ya Abu Qatada, na kamwita miongoni mwa wanaotuzungukia majumbani. Lakini kinyesi chake ni kingine. Mama mjamzito asikiguse, kwa sababu kina vimelea vinavyoweza kumdhuru mtoto tumboni. Kazi hiyo apewe mtu mwingine.

Na wafundishe watoto sheria tatu: usimsogelee mbwa anayekula, anayelala au anayenyonyesha, usimkimbie mbwa usiyemjua, simama kama mti, na ukikwaruzwa sema, hutachapwa. Hiyo ya mwisho ni ahadi ya wazazi. Itimizeni.

NASAHA KWA VIONGOZI WETU

Wapo wanaosema, mwenye kuponya ni Allah, chanjo ni za nini? Ni kweli mwenye kuponya ni Yeye. Na Mtume (s.a.w) alipoulizwa na mtu mwenye ngamia kama amwache na kutawakal, alimwelekeza amfunge kisha atawakal. Kumfunga ngamia wetu sisi ni kumchanja mbwa.

Kwa hiyo nawaomba maimamu wetu wa Masasi na Newala jambo dogo. Ijumaa moja kabla ya msimu, baada ya swala, tangazeni siku ya chanjo kama mnavyotangaza maziko na harusi. Mwito wa afisa mifugo kwenye kipaza sauti wengi huupuuza, lakini neno la imamu hubebwa hadi shambani. Na walimu wa madrasa, mnapofundisha mlango wa tahara mkafika kwenye mbwa na maji saba, ongezeni sentensi moja: na ukiumwa, osha kwa sabuni dakika 15 uende hospitali. Mimi nilisoma mlango ule nikiwa na umri wa yule mtoto. Lau angekuwepo wa kuongeza sentensi hiyo kwa baba yake, pengine leo angekuwa anaokota korosho.

Ndugu msomaji, mwaka huu ukifunga mzigo, hesabu: mikeka, sufuria, chumvi, jembe, dumu la ajali, kipande cha sabuni, na kadi ya mbwa. Kama kadi haipo, ahirisha safari siku moja. Korosho itakusubiri chini ya mti.

Wabillaahi tawfiiq.